Madaraka, Uhuru na Wasiohesabiwa: Safari ya Kisheria ya Dominioni za Uingereza, 1867–1986

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna nchi zilizojitawala ndani ya himaya ya Uingereza, zilizoitwa dominioni, zilivyofikia uhuru kamili. Tofauti na makoloni mengi ya Afrika na Asia, nyingi kati ya nchi hizo hazina siku moja inayoweza kutajwa bila ubishi kuwa siku ya uhuru. Mamlaka yalihama kutoka London kipande kwa kipande, katika kipindi kinachozidi karne moja. Makala yanafuatilia mamlaka manne: kutunga sheria, kuamua vita na mambo ya nje, kusikiliza rufaa za mwisho, na kubadili katiba. Aidha, yanaonesha kwamba kila hatua ya kuhamisha mamlaka ilizua swali lilelile kutoka kwa wenyeji wa asili wa nchi hizo: mamlaka yanapoondoka London, yanakabidhiwa kwa nani? Inahitimishwa kwamba istilahi za Kiswahili za madaraka, uhuru na jamhuri, zilizokomazwa na historia ya Afrika Mashariki, zinasaidia kutenganisha mambo ambayo neno dominioni liliyachanganya.

1.0 Utangulizi

Nchini Kenya, tarehe 1 Juni huadhimishwa Siku ya Madaraka, na tarehe 12 Desemba Siku ya Jamhuri. Sikukuu ya kwanza inakumbuka serikali ya ndani iliyopatikana mwaka 1963. Ya pili imebeba matukio mawili: uhuru wa mwaka 1963 na kuundwa kwa jamhuri mwaka 1964. Tanganyika nayo ilipata madaraka ya ndani Mei 1961, uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na jamhuri tarehe 9 Desemba 1962. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, basi, madaraka, uhuru na jamhuri ni mambo matatu tofauti, na kila moja lina tarehe yake.

Mpangilio huo haupatikani kwa urahisi Kanada, Australia au New Zealand. Kanada huadhimisha tarehe 1 Julai, siku ambayo shirikisho lake lilianza mwaka 1867, lakini siku hiyo Kanada haikuwa dola huru. Haikuweza kutangaza vita, kuweka saini mikataba kwa jina lake wala kubadili katiba yake. Swali la lini hasa Kanada ilipata uhuru linaweza kujibiwa kwa kutaja mwaka 1919, 1926, 1931 au 1982, na kila jibu lina hoja za kulitetea.

Makala haya hayakusudii kuchagua mwaka mmoja kati ya hiyo. Yanakusudia kueleza kwa nini jibu ni gumu, na ugumu huo unafundisha nini kuhusu maana ya uhuru wenyewe.

2.0 Chimbuko: Serikali Inayowajibika kwa Bunge

Mwaka 1837 na 1838 kulizuka maasi katika Kanada ya Juu na Kanada ya Chini. Serikali ya Uingereza ilimtuma Lord Durham kuchunguza, naye akatoa ripoti yake mwaka 1839. Mapendekezo yake makuu yalikuwa mawili: kuunganisha makoloni hayo mawili, na kumfanya gavana atawale kwa ushauri wa mawaziri wanaoungwa mkono na Bunge la pale pale koloni. Pendekezo la kwanza lilitekelezwa kwa sheria ya mwaka 1840. La pili lilichelewa hadi mwaka 1848, Nova Scotia ilipokuwa koloni la kwanza la Uingereza katika eneo hilo kuwa na serikali inayowajibika kwa Bunge lake.

Ripoti ya Durham ilijengwa juu ya mgawanyo wa mambo. Mambo ya ndani yangeachiwa koloni. Katiba, mambo ya nje, biashara na nchi nyingine na ugawaji wa ardhi ya umma yangebaki London. Mgawanyo huo ulionekana thabiti kwenye karatasi, lakini haukudumu. Udhibiti wa ardhi uliingia mapema mikononi mwa makoloni, na forodha ikafuata. Hata hivyo, wazo la msingi lilibaki: koloni linaweza kujitawala bila kuwa huru. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa madaraka.

Mipaka ya madaraka hayo iliwekwa wazi na Sheria ya Uhalali wa Sheria za Makoloni ya mwaka 1865. Sheria hiyo ilitungwa kwa sababu jaji mmoja wa Australia Kusini, Benjamin Boothby, alikuwa akibatilisha sheria za koloni kila alipoona zinakinzana na sheria za Kiingereza. Bunge la Uingereza likaamua kwamba sheria ya koloni itakuwa batili pale tu inapokinzana na sheria ya Bunge la Uingereza iliyokusudiwa kutumika katika koloni hilo. Kwa wakati wake, sheria hiyo ilipanua uwezo wa mabunge ya makoloni. Miongo sita baadaye, sheria hiyohiyo ilionekana kuwa kufuli, kwa kuwa ilithibitisha kwamba Bunge la London lilikuwa juu ya mabunge mengine yote ya himaya.

3.0 Kuundwa kwa Dominioni

Sheria ya Amerika Kaskazini ya Uingereza ya mwaka 1867 iliunganisha Ontario, Quebec, Nova Scotia na New Brunswick kuwa Dominioni ya Kanada. Australia ilifuata kwa kuunganisha makoloni sita kuwa shirikisho tarehe 1 Januari 1901. Katika mkutano wa himaya wa mwaka 1907, neno dominioni lilikubaliwa kuwa jina la jumla la makoloni yaliyojitawala, na mwaka huohuo New Zealand na Newfoundland zikapewa hadhi hiyo. Muungano wa Afrika Kusini uliundwa tarehe 31 Mei 1910 kutokana na makoloni manne. Dola Huru ya Ireland, iliyotokana na vita na mkataba wa mwaka 1921, ilianza rasmi tarehe 6 Desemba 1922.

Nchi hizo sita zilipewa jina moja, lakini hazikufanana. Newfoundland ilikuwa kisiwa cha wavuvi chenye watu wachache na madeni mengi. Kanada ilikuwa shirikisho la kibara lenye jamii mbili kubwa za lugha. Ireland haikuwa koloni la walowezi kwa maana ya Australia, nayo iliingia katika hadhi ya dominioni kwa shingo upande. Afrika Kusini ilikuwa nchi ambayo walio wengi walikuwa Waafrika, ilhali Bunge lake lilikuwa la Wazungu watupu. Tofauti hizo ndizo zilizofanya kila nchi iitumie hadhi ileile kwa kusudi lake.

4.0 Kuhama kwa Mamlaka Manne

4.1 Vita na mambo ya nje

Agosti 1914, tangazo la vita la Mfalme George V liliziingiza dominioni zote vitani bila mabunge yao kuulizwa. Zilichoweza kuamua ni kiasi cha askari na mali zitakazotoa. Gharama ya damu iliyofuata ilibadili hali ya kisiasa. Mwaka 1919, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini ziliweka saini zao kwenye Mkataba wa Versailles, kisha zikawa wanachama wa Shirikisho la Mataifa.

Mwaka 1922, Uingereza ilipokaribia kupigana na Uturuki huko Chanak, Waziri Mkuu wa Kanada, Mackenzie King, alikataa kutuma askari kabla Bunge lake halijaamua. Mwaka 1923 Kanada iliweka saini mkataba wa uvuvi na Marekani bila saini ya balozi wa Uingereza kando yake. Mkataba wenyewe ulihusu samaki, lakini kitendo cha waziri wa Kanada kutia saini peke yake kilikuwa kikubwa kuliko samaki.

Kipimo cha mwisho kilikuwa Septemba 1939. Waziri Mkuu wa Australia, Robert Menzies, alichukulia kwamba Uingereza ikiwa vitani Australia nayo imo vitani. Kanada ilingoja Bunge lake likutane, ikatangaza vita tarehe 10 Septemba, wiki moja baada ya Uingereza. Afrika Kusini ilipiga kura bungeni, 80 kwa 67, na matokeo hayo yakamwondoa Waziri Mkuu Hertzog na kumweka Smuts. Ireland ilibaki bila kuegemea upande wowote hadi mwisho wa vita. Mfalme alikuwa mmoja, lakini kila nchi ilijibu kwa namna yake. Katika jambo la vita, uhuru ulikuwa umefika, ijapokuwa Australia bado ilichagua kutoutumia.

4.2 Kutunga sheria

Mkutano wa himaya wa mwaka 1926 ulitoa tamko lililoandaliwa na kamati ya Lord Balfour. Tamko hilo lisichanganywe na lile la mwaka 1917 kuhusu Palestina. Lilitambua kwamba Uingereza na dominioni ni jumuiya zilizo sawa kwa hadhi, hakuna iliyo chini ya nyingine katika mambo ya ndani wala ya nje, zikiunganishwa na utii kwa Mfalme na kushirikiana kwa hiari.

Tamko hilo lilikuwa la kisiasa. Nguvu ya kisheria ilikuja na Sheria ya Westminster ya tarehe 11 Desemba 1931. Kifungu cha 2 kiliondoa matumizi ya sheria ya mwaka 1865 kwa sheria mpya za dominioni. Kifungu cha 3 kilithibitisha uwezo wa dominioni kutunga sheria zenye nguvu nje ya mipaka yake. Kifungu cha 4 kiliweka sharti kwamba sheria ya Bunge la Uingereza haitatumika katika dominioni isipokuwa itamke kwamba dominioni hiyo imeomba na kuridhia.

Si wote waliopokea zawadi hiyo kwa haraka. Kwa mujibu wa kifungu cha 10, Australia, New Zealand na Newfoundland hazikuguswa na vifungu hivyo hadi mabunge yao yatakapovikubali. Australia ilikubali mwaka 1942, ikirudisha nguvu ya uamuzi huo hadi tarehe 3 Septemba 1939. New Zealand ilikubali mwaka 1947. Newfoundland haikuwahi kukubali. Ikiwa imelemewa na madeni, iliacha kujitawala, na kuanzia Februari 1934 ikaongozwa na tume iliyoteuliwa na London. Katika kura ya maoni ya pili ya mwaka 1948, asilimia 52.3 ya wapiga kura walichagua kujiunga na Kanada, na muungano huo ukatimia tarehe 31 Machi 1949. Kisa cha Newfoundland kinakumbusha kwamba njia kutoka madaraka haielekei lazima kwenye uhuru. Hazina ikikauka, madaraka yanaweza kurudishwa yalikotoka.

4.3 Rufaa za mwisho

Kwa muda mrefu, mashauri ya dominioni yaliweza kukatiwa rufaa katika Baraza la Mfalme jijini London. Kanada ilifuta rufaa za jinai mwaka 1933 na rufaa nyingine zote mwaka 1949. Australia ilikata mabaki ya mwisho ya njia hiyo kwa Sheria za Australia za mwaka 1986. New Zealand iliendelea kupeleka rufaa London hadi Mahakama yake ya Juu ilipochukua nafasi hiyo mwaka 2004. Kwa kigezo hiki, nchi yenye bendera, jeshi na kiti katika Umoja wa Mataifa iliendelea kuwa na jaji wa mwisho aliyekaa ng’ambo ya bahari, na iliridhika naye.

4.4 Kubadili katiba

Kanada ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Mwaka 1931, serikali ya shirikisho na majimbo hazikukubaliana kuhusu njia ya kubadili katiba. Kwa hiyo kifungu cha 7 cha Sheria ya Westminster kiliacha mamlaka hayo London kwa ombi la Wakanada wenyewe. Yalibaki huko kwa miaka 51, hadi Sheria ya Kanada ya mwaka 1982. Hata wakati huo serikali ya Quebec haikuridhia. Ni kosa, basi, kudhani kwamba mamlaka yote yaliyobaki London yalishikiliwa na London. Mengine yalibaki kwa sababu waliostahili kuyapokea walishindwa kupatana.

Ireland ilikwenda kinyume. Ilitumia kila mlango uliofunguliwa: iliondoa kiapo cha utii kwa Mfalme mwaka 1933, ikapitisha katiba mpya mwaka 1937, na ikawa jamhuri nje ya Jumuiya ya Madola tarehe 18 Aprili 1949.

5.0 Wajumbe Waliokwenda London

Maelezo yaliyotangulia yanaweza kusomwa kama hadithi ya mafanikio: mamlaka yalihama kwa hatua na kwa mazungumzo. Usomaji huo una upungufu mmoja mkubwa. Unachukulia kwamba kila dominioni ilikuwa jamii moja yenye sauti moja. Safari za wajumbe wa wenyeji wa asili kwenda London zinaonesha vinginevyo.

Mwaka 1884, Mfalme Tāwhiao wa Wamaori alikwenda London kudai haki zilizoahidiwa katika Mkataba wa Waitangi wa mwaka 1840. Alipokewa na Waziri wa Makoloni, lakini malalamiko yake yalirejeshwa kwa serikali ya New Zealand, yaani serikali ileile iliyolalamikiwa.

Mwaka 1909, W. P. Schreiner, akiwa pamoja na John Tengo Jabavu, Walter Rubusana na Abdullah Abdurahman, alikwenda kupinga ubaguzi wa rangi uliokuwamo katika muswada wa Muungano wa Afrika Kusini. Muswada huo uliwaruhusu Wazungu pekee kuwa wabunge wa Muungano. Bunge la Uingereza liliupitisha. Mwaka 1914, baada ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1913 kuwabana Waafrika katika takriban asilimia 7 ya ardhi ya nchi, ujumbe mwingine, uliokuwa na John Dube na Sol Plaatje, ulifika London. Jibu la Waziri wa Makoloni, Lewis Harcourt, lilikuwa kwamba asingeingilia kati. Afrika Kusini ilikuwa nchi inayojitawala.

Sheria ya Westminster ilizidisha uzito wa jibu hilo. Sheria ya kuunda Muungano ilikuwa imelinda haki ya kura ya watu wasio Wazungu wa Jimbo la Cape kwa sharti la theluthi mbili ya wabunge wa mabaraza yote mawili wakikaa pamoja. Mwaka 1936 wapiga kura Waafrika wa Cape waliondolewa kwenye orodha ya pamoja. Sheria hiyo ilipata theluthi mbili, lakini ilipopingwa katika shauri la Ndlwana dhidi ya Hofmeyr, mwaka 1937, Mahakama ya Rufaa ilitoa hoja pana zaidi: baada ya Sheria ya Westminster, Bunge la Muungano lilikuwa na mamlaka kamili, na mahakama haikuweza kuhoji utaratibu wake. Mwaka 1952, katika shauri la Harris, mahakama hiyohiyo iliiacha hoja hiyo na kuamua kwamba vifungu vilivyolindwa bado vina nguvu. Serikali ikaongeza idadi ya maseneta ili ipate theluthi mbili, na mwaka 1956 wapiga kura wenye asili mchanganyiko nao wakaondolewa. Uhuru wa Bunge dhidi ya London ulitumika kuwa uhuru wa Bunge dhidi ya raia wake.

Basutoland, Bechuanaland na Swaziland zinatoa kipimo cha kulinganisha. Sheria ya mwaka 1909 iliweka utaratibu wa kuzikabidhi kwa Muungano, lakini hazikukabidhiwa. Zilibaki chini ya Uingereza, kisha zikapata uhuru wao, mbili za kwanza mwaka 1966 na ya tatu mwaka 1968. Waliochelewa kutoka mikononi mwa himaya waliepuka kuangukia mikononi mwa Pretoria.

Mwaka 1982, Bunge la Uingereza lilipokuwa likijiandaa kuikabidhi Kanada katiba yake, vyama vya wenyeji wa asili wa Kanada vilikuwa na shauri London. Vilidai kwamba wajibu uliotokana na mikataba yao na Mfalme ulikuwa bado wa Uingereza. Mahakama ya Rufaa, Lord Denning akiwa miongoni mwa majaji, iliamua kwamba wajibu huo sasa ulikuwa wa Mfalme katika serikali ya Kanada. Kati ya mwaka 1884 na 1982, lugha ya sheria ilibadilika sana, lakini wajumbe walielekezwa mlango uleule.

6.0 Funzo la Afrika Mashariki

Njia ya dominioni ya walowezi ilikaribia pia kufika Afrika Mashariki. Walowezi wa Kenya, wakiongozwa na watu kama Lord Delamere, walitaka kujitawala kama wenzao wa Rhodesia ya Kusini, iliyopata serikali ya ndani Oktoba 1923. Waraka wa Devonshire wa mwaka huohuo, uliotolewa katikati ya mgogoro kati ya walowezi na Wahindi, ulitamka kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yatakayotangulia. Waraka huo haukurudisha ardhi iliyokwisha kuchukuliwa, lakini uliwanyima walowezi madaraka kamili. Rhodesia ilionesha mwisho wa njia hiyo pale serikali ya walowezi ilipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965.

Tanganyika ilikuwa na mlango mwingine, kwa kuwa ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Kirilo Japhet aliwasilisha shauri la ardhi ya Wameru huko New York mwaka 1952, na Julius Nyerere akazungumza mbele ya Baraza la Udhamini mwaka 1955. Wajumbe hao walitangulia kabla mamlaka hayajakabidhiwa, ilhali wale wa Afrika Kusini na Kanada walifika wakati makabidhiano yamekwisha au yakikaribia kukamilika.

Sheria ya Uhuru wa Tanganyika ya mwaka 1961 inabeba alama za mwaka 1931. Ilizuia sheria za Bunge la Uingereza kutumika Tanganyika na kuondoa kizuizi cha sheria ya mwaka 1865. Tofauti ni kwamba haikuacha mlango wa kuomba na kuridhia. Kwa mwaka mmoja, Malkia Elizabeth II alikuwa mkuu wa nchi akiwakilishwa na Gavana Mkuu, Sir Richard Turnbull. Kwa maana ya kisheria, Tanganyika ilikuwa dominioni. Kile ambacho Kanada ilikipata kwa miaka 115, Tanganyika ilikipata ndani ya miezi 19, tangu madaraka ya Mei 1961 hadi jamhuri ya Desemba 1962. Uganda ilimwondoa Malkia kwenye nafasi hiyo baada ya mwaka mmoja, Oktoba 1963, na Kenya vivyo hivyo Desemba 1964.

Kasi hiyo haielezwi na umahiri wa wanasheria pekee. Inaelezwa na ukweli kwamba waliopokea madaraka mwaka 1961 walichaguliwa kwa kura za wenyeji walio wengi. Serikali iliyowekwa na walio wengi haikuhitaji London iwe mwamuzi kati yake na wao.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba dominioni hazikupata uhuru kwa tukio moja. Mamlaka ya vita yalihama kati ya mwaka 1919 na 1939, ya kutunga sheria kati ya 1931 na 1947, na ya rufaa na katiba hadi miaka ya 1980 na kuendelea. Kwa hiyo mtafiti anayeuliza dominioni fulani ilipata uhuru lini anapaswa kwanza kutaja ni mamlaka gani anayoyapima.

Swali la pili ni zito zaidi. Istilahi ya madaraka inauliza mamlaka yako wapi. Istilahi ya uhuru inauliza ni ya nani. Dominioni zilijibu swali la kwanza kwa ustadi mkubwa wa kisheria, na zikaliacha la pili kwa wale waliokuwa tayari ndani ya mabunge yao. Wamaori, Waafrika wa Cape na wenyeji wa asili wa Kanada waliliuliza kwa wakati wake. Utafiti wa historia ya katiba unaoanza na mabunge pekee utaendelea kuhesabu miaka ya uhuru kwa usahihi, lakini utakuwa umekosea kuhesabu watu.